Damu Inavyozungumza Kuhusu Ukoma

Ukoma huanzishwa na bakteria, lakini sehemu kubwa ya madhara yake kwa neva hufanywa na kinga ya mgonjwa mwenyewe. Mycobacterium leprae, aliyegunduliwa na Gerhard Armauer Hansen huko Bergen, Norwe, mwaka 1873, hujificha ndani ya seli zinazozifunika neva za mikono, miguu na uso. Huzaliana polepole mno, hivyo dalili huweza kuchelewa miaka 5, hata 20. Kinga ikizinduka huzishambulia seli hizo. Neva huvimba, ganzi huingia, misuli hulegea na vidole hukunjamana.

Ugonjwa huu ulichunguzwa pia Alupe, jirani na Busia mpakani mwa Kenya na Uganda, palipokuwa na hospitali ya ukoma na kituo cha utafiti kilichohudumia Afrika Mashariki nzima. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977. KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya iliyoundwa mwaka 1979, ikakirithi kituo hicho.

Na damu je, husema nini? Alama yake ya ukoma inayojulikana zaidi ni kingamwili dhidi ya PGL-I, mafuta yenye sukari yanayopatikana kwenye ganda la bakteria huyu. Mwenye vimelea tele huwa nazo nyingi. Mwenye mabaka machache huenda asiwe nazo, ilhali jirani yake mzima anazo. Katika miastenia gravisi, ugonjwa wa misuli kuchoka upesi, kingamwili zenyewe ndizo huharibu vipokezi vya misuli, kwa hiyo damu humtaja mhalifu. Katika ukoma humtaja shahidi tu.

Mhalifu hapa ni seli za kinga, na zinapochachamaa protini iitwayo CXCL10 hupanda katika damu. Watafiti wa Leiden, Uholanzi, wametengeneza kipimo cha tone la damu ya kidole kinachosoma protini kadhaa pamoja na kingamwili. Ila CXCL10 hupandishwa na malaria pia, na malaria Busia si haba.

Dawa za mseto, za miezi 6 au 12, huua bakteria, lakini mabaki yao yanaweza kuendelea kuichokoza kinga. Hapo huhitajika predinisoloni, dawa ya kutuliza kinga, mapema, kabla ganzi haijawa ya kudumu. Damu pekee haitoshi kuonyesha hilo, kwa hiyo mhudumu bado hupapasa neva ya kiwiko, hugusa kiganja kwa ncha ya kalamu huku mgonjwa amefumba macho, na hupima nguvu za vidole.