Motopompe ya ekipe ikiuzwa, bei inapatikana namna gani?

Ekipe ya wachimbaji ikivunjika, matata ya kwanza ni motopompe. Watu sita walichanga feza. Sasa mmoja anataka kubaki nayo, na bibi ya mwenzao marehemu anangojea sehemu yake. Bei ikikatwa kwa macho tu, mama huyo ndiye atapoteza.

Musianze na bei mulilipa zamani. Muulize kwanza sokoni: mpya ya namna ile iko ngapi leo? Kisha muite fundi asiye ndugu ya mnunuzi. Awashe mashini ikiwa baridi. Moshi ya buluu inaonyesha moteri inakula mafuta yake. Ajaze pipa ya litri 200, ahesabu dakika. Afungue pompe pia: mchanga ya shimo inakula turbini, hata kama moteri inalia vizuri.

Tuseme mpya iko dola 300. Munapatana kama kazi imeondoa nusu: inabaki 150. Fundi anaomba 30 ya matengenezo: inabaki 120. Kila mutu dola 20. Anayebaki na mashini analipa wenzake 100.

Kama munauzisha inje, na hakuna haraka, mungojee mvua. Huku Lualaba inaanza karibu mwezi wa kumi. Maji ikiingia mashimoni, wanunuzi wanakuwa wengi.

Hesabu ifanywe mbele ya wote, iandikwe kwenye karatasi. Na feza ya mujane apewe yeye mwenyewe mukononi.