Kiangazi ndani ya gari-nyumba: hesabu ya milima ya Colorado

Ukikaa Denver au Aurora unayajua haya magari. Ijumaa za Juni yanapanda barabara ya 36 kwenda Estes Park, moja nyuma ya jingine, jiko na choo na vitanda vyote vikiyumba kwenye kona. Watoto wakiyaona wanataka moja. Na kila mwaka watu wetu wanaulizana: ni rahisi kuliko hoteli, au tunadanganywa?

Bei ya tangazo haitoshi kukujibu. Tuchukulie familia ya watu watano, wiki moja ya Julai, gari la futi 25 lenye kitanda juu ya dereva, dola 180 kwa usiku. Usiku saba ni dola 1,260. Gari hilo likipanda mlima linakwenda maili 9 hivi kwa galoni, kwa hiyo maili 400 zinakula galoni 44. Kwa dola 3.20 kwa galoni, weka 140. Kambi ndani ya hifadhi ya taifa ya Rocky Mountain, kwa dola 35 kwa usiku, ni 245. Bado bima, bado ada ya usafi, bado maili zinazozidi kiwango ulichopewa kwa siku, bado saa za jenereta. Utakuwa unakaribia dola 1,900 hata mchele hujanunua.

Hoteli ya dola 250 kwa usiku ingekula 1,750, tena kwa chumba kimoja ambacho watano hamtaenea vizuri, na mlo wa mgahawani mara mbili kwa siku unaifuta haraka tofauti hiyo. Hapo gari-nyumba linashinda, na linashinda kwa sababu ya jiko. Lakini hema kwenye kambi ileile, mkiwa na gari lenu la kila siku, ni 245 za kambi na kama 50 za mafuta. Ukinunua hema kubwa na mifuko mizuri ya kulalia, bado hujafika nusu ya bei ya kukodi, na vifaa vinabaki kwako. Ubaya wake ni baridi: kambi zile ziko karibu mita 2,500 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Julai unaweza kushuka hadi digrii 6 au 7 za Selsiasi. Mwenye mtoto mchanga au mzazi wa miaka sabini ana haki ya kulipia kuta.

Kinacholiponza gari-nyumba ni matembezi ya kila siku. Ukishaliegesha, kwenda kuangalia ziwa asubuhi maana yake ni kufunga makabati, kukunja meza, kuchomoa waya, kisha kufika na kukuta maegesho yamejaa. Barabara ya zamani ya Fall River hairuhusu gari la zaidi ya futi 25, wala trela ya aina yoyote. Independence Pass, upande wa Aspen, mwisho ni futi 35. Ndiyo maana mwenye pikapu ningemshauri akodi trela: unaiacha kambini na kuondoka na gari tupu. Wawili wasio na watoto wachukue gari dogo la kulala, linaloingia kwenye nafasi ya kawaida ya maegesho. Gari kubwa nampa yule atakayekaa mahali pamoja. Kwa mfano Estes Park, ambako kiangazi kuna basi la bure la mji.

Kulala bure kupo, na si hadithi. Misitu ya taifa inaruhusu kupiga kambi nje ya kambi rasmi, sehemu nyingi hadi siku 14, bila malipo. Hakuna maji, choo wala pipa la taka. Kabla hujafurahi, soma mkataba wa kukodi: mingi inakataza barabara za changarawe, na sehemu hizo za bure nyingi ziko mwisho wa changarawe. Kambi za watu binafsi zenye maji, umeme na bomba la maji taka zinaweza kukudai 70 hadi 100 kwa usiku. Mpango unaofaa ni kuchanganya: siku chache msituni, kisha usiku mmoja wa kulipia ili kuchaji betri, kufua na kumwaga matangi.

Kumwaga matangi hakumo kwenye picha za matangazo. Vaa glavu, funga bomba nene kwenye tundu la ardhini, fungua kwanza valvu ya choo, halafu ile ya maji ya sinki na bafu ili yasafishe bomba. Jumapili mchana kuna foleni, na wa nyuma yako anakutazama.

Jikoni nako kuna la kujua. Kwenye mita 3,000 maji yanachemka kwa takriban digrii 90 tu, na maharage yanaweza kukaa motoni mpaka gesi ikaanza kukutia wasiwasi. Beba sufuria ya presha. Barabara ya Trail Ridge inafika mita 3,713, karibu sawa na kibanda cha Horombo kule Kilimanjaro. Wapandaji wa njia ya Marangu wanakifikia siku ya pili kwa miguu, wewe unafika kabla ya chakula cha mchana ukiwa umekaa. Kichwa kikiuma, kunywa maji na ushuke. Ushuke kwa gia ndogo, usiziunguze breki. Na radi za Julai hupenda mchana, kwa hiyo matembezi ya juu, kule miti inakoishia, yaishe kabla ya saa sita.

Kuhusu kiingilio, pasi ya mwaka ya hifadhi za taifa ni dola 80 kwa mkazi wa Marekani. Kama shangazi anakuja kutoka Dar au Nairobi, mwekee bajeti yake: tangu Januari 2026 mgeni wa miaka 16 na zaidi asiye na pasi ya mwaka anaongezewa dola 100 katika hifadhi 11, Rocky Mountain ikiwemo. Pasi ya mwaka ya mgeni ni 250. Wenye gari lililosajiliwa Colorado wanaweza kulipa dola 29 wakati wa usajili na kuingia hifadhi zote za jimbo; ada ya kulala ni mbali.

Kununua? Kwa wiki mbili kwa mwaka, hapana. Kuna maegesho ya kulipia, kwa sababu mitaa mingi hairuhusu uliweke mbele ya nyumba. Kuna mabomba ya kuondolewa maji kabla ya barafu. Kuna matairi yanayozeeka yakiwa yamesimama. Anayekusudia kukaa milimani Juni hadi Septemba, anafanya kazi kwa intaneti, yeye hesabu yake ni nyingine: trela iliyotumika, ikaguliwe paa na sakafu kwa dalili za maji kupenya, inunuliwe Oktoba wakati wauzaji hawataki kuilipia maegesho ya majira ya baridi.