Kambi za Ziwa Lanier

Ziwa Lanier ni ziwa lililotengenezwa na binadamu katika jimbo la Georgia nchini Marekani, kaskazini-mashariki mwa jiji la Atlanta. Lilitokea baada ya wahandisi wa Jeshi la Marekani kujenga bwawa la Buford kwenye mto Chattahoochee katika miaka ya 1950. Jina linatokana na mshairi Sidney Lanier (1842–1881).

Kandokando ya ziwa kuna viwanja vya kambi ambavyo hupendwa na watu wa Atlanta, hasa mwisho wa wiki wakati wa joto. Wengine hupiga hema. Wengine hulala ndani ya magari au matrela yenye vitanda, jiko na choo, ambayo huunganishwa na umeme na bomba la maji. Maji machafu hukaa katika tangi chini ya gari hadi yamwagwe mahali maalumu, kamwe si ziwani. Sharti hilo si dogo, kwa kuwa ziwa hilohilo ndilo chanzo kikuu cha maji ya kunywa ya eneo la Atlanta.

Ziwa likijaa, uso wake uko mita 326 hivi juu ya usawa wa bahari. Katika ukame wa mwaka 2007 ulishuka kwa mita 6 hivi. Kambi za ufukweni zikabaki zikitazama udongo mwekundu uliopasuka, na sehemu nyingi za kushushia mashua zikafungwa.

Mto huendelea kusini hadi Alabama na Florida, na majimbo hayo yaligombania maji yake na Georgia mahakamani kwa miaka mingi. Mwaka 2021 Mahakama Kuu ya Marekani ilikataa madai ya Florida.