Vijana, Pikipiki Zenu Mtazipakia Katika Gari Gani?

Huku kwetu Lwiro, Katana na Kavumu tunaita chombo hiki "moto". Katika makala hii nitaandika pikipiki, kwa sababu tutasema pia juu ya ule moto unaowaka, na sipendi mtu achanganye.

Sema ninyi ni vijana watano. Mmeweka feza pamoja miaka miwili, kila mmoja akikata kidogo juu ya faida ya muhogo, ya samaki ya ziwani, ao ya kazi ya machimbo kule Nyabibwe. Sasa mnashuka Bukavu kununua pikipiki za kazi. Dukani mnajua kubishana bei! Lakini mkitoka nje na mali yenu, shofa wa kwanza anayesimama anawaambia: "Leteni, tunapakia zote," nanyi mnapakia. Feza ya miaka miwili inaweza kuharibika kwa safari ya saa mbili.

Ulizeni kwanza: kuna lazima ya gari? Kutoka Bukavu mpaka Lwiro ni kilometa 40 na kitu. Mwenye kibali cha kuendesha na karatasi zote anaweza kuleta pikipiki moja mwenyewe, mchana, polepole, maana mashini mpya haipendi kukazwa. Mimi ningefanya hivyo. Lakini kama mnakwenda Kamituga, karibu kilometa 180, wakati wa mvua barabara inakuwa matope yanayomeza hata kamyo. Huko gari ni lazima.

Basi, gari gani? Pimeni. Pikipiki nyingi za kazi, kama Boxer ao TVS, zina kilo 110 mpaka 130, urefu wa meta 2, na usukani wa sentimeta karibu 80. Hilux ya milango miwili ina nafasi nyuma ya meta 2 na zaidi kidogo: mbili zinaingia vizuri, moja ikitazama mbele na nyingine nyuma ili sukani zisigongane. Ile ya milango minne inapendeza macho, lakini nyuma yake ni meta moja na nusu tu. Gurudumu litabaki nje juu ya mlango ulio wazi, na uzito wote wa mlango ule unashikwa na minyororo miwili. Kwa pikipiki tano kodini kamyo ndogo, Canter ao Dyna. Yenye meta 4 kwa 2 inabeba tano, hata sita, zikigeuzana, na kilo 600 haziiumizi. Shida yake ni urefu kutoka chini. Msiinue kwa mikono watu wanne wakipiga kelele. Tafuteni kilima kidogo ao ukingo wa barabara, kamyo irudi nyuma mpaka iguse, kisha ubao mnene.

Hiace wengi wanaipenda kwa sababu inafunika mvua na macho ya watu. Mimi siipendi. Ni nyumba iliyofungwa, na petroli inatoa mvuke ambao hauonekani. Mtu mmoja akiwasha sigara, imekwisha. Sisi wa Kivu ya Kusini hatuhitaji kufundishwa jambo hili: tarehe 2 Julai 2010, kule Sange, gari la mafuta lilianguka, watu wakakaribia, na moto ukaua zaidi ya watu 200. Tangi ya pikipiki si gari la mafuta, ndiyo, lakini petroli ni ile ile. Kwa gari lolote toeni petroli, bakizeni kidogo sana, fungeni robine, na ondoeni waya mmoja wa betri.

Na remorki? Ulaya na Marekani watu wengi huvuta pikipiki kwa remorki, na ina faida: iko chini, mtu mmoja anapakia. Lakini kwao barabara ni ya lami na remorki ina taa. Kwetu, kuteremka mlima kama Ngomo na remorki isiyo na freni ni kusukumwa mgongoni na mtu asiyekupenda. Na hapa kwetu, ziwa liko meta karibu 1,460, Lwiro iko karibu 1,750, mnapanda. Remorki ikikwama katika matope, kurudi nyuma ni kazi ya fundi kweli. Kama mna ile ya misheni na hakuna nyingine, uzito zaidi uwe mbele ya magurudumu yake kidogo, usiwe nyuma, la sivyo mkia utaanza kucheza.

Kuna njia nyingine ambayo wengi hawaifikirii. Pikipiki mpya hufika toka Uhindi na China ndani ya karatoni, magurudumu na usukani vimetolewa. Zinunueni hivyo! Hazina petroli, zinapangwa kama masanduku. Ila fungueni mbele ya mwenye duka mhesabu kila kipande, kwa sababu kurudi Bukavu kwa ajili ya bulo tatu ni hasara.

Zile zinazotoka Goma kwa mashua ni hesabu nyingine. Mashua Merdi ilizama karibu na Goma tarehe 3 Oktoba 2024, ikitoka Minova, imejaa kupita kiasi, wakati vita ilikuwa imefunga barabara. Mashua ikijaa, ngojeni ya kesho. Na kwa barabara, tangu vita ilipofika Kavumu na Bukavu mwezi wa pili 2025, ulizeni wasafiri wa asubuhi ile ile, si wa juma lililopita.

Kufunga sasa. Gurudumu la mbele liguse ukuta wa mbele. Kamba nne, mbili za mbele zivute chini mpaka amortisa zishuke nusu. Msifunge kwenye kioo wala kwenye mkono wa freni. Vipande vya shambrea vinasaidia, lakini vinavutika. Tumieni kamba ya nailoni pamoja navyo. Mkifika Mudaka, simameni mkaze tena, hata kama shofa ananung'unika.

Shofa huyo atasema pia: "Bakae tu juu, hakuna matata." Kataeni. Pikipiki ikianguka katika kona, mtu aliyeketi kati ya mbili hana pa kukimbilia. Vijana wawili wakae mbele na shofa, wengine watafute gari la abiria. Andikeni karatasi mbele ya shahidi: bei, nani analipa bariere, nani analipa kioo kikivunjika. Karatasi za duane zikae mfukoni mwenu, si kwa shofa.

Mkifika usiku na mvua inanyesha, ziacheni zimefungwa ndani ya gari, kijana mmoja alale karibu, mteremshe asubuhi.