Ihumwa na Wakubwa Wapya wa Dunia

Wanachuo wenzangu, kuna swali ambalo halikosi kwenye mitihani ya kozi za siasa na maendeleo: jadili nafasi ya mataifa yanayoibukia katika mfumo mpya wa dunia. Wengi wetu tunalijibu kwa desa. Tunaitaja BRICS, tunaorodhesha Brazil, Urusi, India, China na Afrika Kusini, tunaongeza kwamba Ethiopia na Misri ziliingia Januari 2024 na Uganda ikawa nchi mshirika mwaka 2025, kisha tunakusanya karatasi. Maksi zinapatikana. Lakini ukimuuliza mtu nje ya ukumbi mambo hayo yanamhusu vipi yeye mwenyewe, anabaki anakuangalia.

Mimi nyumbani ni Ihumwa, kata iliyo mashariki mwa jiji la Dodoma, njia ya kwenda Morogoro, jirani kabisa na Mji wa Serikali wa Mtumba. Nataka nilijibu swali hilo kwa kutumia kwetu, maana huo mfumo mpya unaoandikwa vitabuni umeshafika na unaonekana kwa macho.

Nani yupo Ihumwa?

Tuanze na reli. SGR inapita kwetu, na bandari kavu ipo hapo hapo. Kipande cha Dar es Salaam hadi Morogoro kilijengwa na Yapı Merkezi ya Uturuki ikishirikiana na Mota-Engil ya Ureno. Cha Morogoro hadi Makutupora, ndicho kinachopita Ihumwa, wakakijenga Waturuki. Treni ya mchongoko ambayo kila mtu anapiga nayo picha imetengenezwa na Hyundai Rotem ya Korea Kusini. Mabehewa ya mizigo yametoka China. Hela je? Mwaka 2020 serikali ilisaini mkopo wa dola bilioni 1.46 ulioratibiwa na benki ya Standard Chartered ya Uingereza, ukadhaminiwa na mashirika ya serikali za Denmark na Sweden.

Treni hiyo inakula umeme. Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji, lenye uwezo wa megawati 2,115, limejengwa na kampuni mbili za Misri, Arab Contractors na Elsewedy Electric. Barabara ya mzunguko wa nje ya Dodoma, kilomita 112.3, inayokutana na bandari kavu yetu, imekabidhiwa kwa kampuni za Kichina kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika. Na kontena likipakiwa bandarini Dar kuja huku, uwezekano ni mkubwa kwamba limeshushwa kwenye gati linaloendeshwa na DP World ya Dubai au Adani ya India.

Kwa hiyo ndani ya mwendo wa bodaboda wa dakika chache unawakuta Mturuki, Mkorea, Mchina, Mmisri, Mwarabu wa Dubai, Mhindi na Mzungu. Hicho ndicho wasomi wanachokiita dunia yenye vituo vingi vya nguvu. Hakuna mkubwa mmoja anayetoa hela, utaalamu na mashine peke yake.

Zamani ilikuwaje?

Bibi yangu huiita SGR "reli ya Waturuki", kama vile wazee wengi walivyozoea kuiita Tazara "reli ya Mchina". Majina yanafanana, ila habari zake ni mbili tofauti.

Enzi za Vita Baridi, mkubwa alitaka uchague upande. Baada ya Muungano wa 1964, Zanzibar ilikuwa tayari ina uhusiano na Ujerumani Mashariki, na Ujerumani Magharibi haikutaka kabisa kusikia hilo. Mwalimu Nyerere alipokubali Ujerumani Mashariki iwe na ofisi ya konseli Dar es Salaam, Ujerumani Magharibi ikaondoa msaada wake wa kijeshi mwaka 1965. Mwalimu akawajibu wachukue na misaada mingine iliyobaki. Desemba mwaka huo huo Tanzania ikavunja uhusiano na Uingereza kwa ajili ya Rhodesia, na mkopo wa pauni milioni 7.5 ukasimama. Msimamo ulikuwa na bei, na nchi iliilipa.

Tazara nayo ilikataliwa na nchi za Magharibi na Benki ya Dunia, wakisema haitalipa. China ikakubali mwaka 1967. Kilomita 1,860 zikajengwa kati ya 1970 na 1975 kwa mkopo usio na riba. China ilikuwa maskini wakati huo. Ilikuwa inatafuta marafiki, si faida.

Leo mambo yamegeuka. Wanaokuja Ihumwa hawatuulizi tuko upande wa nani, wanauliza malipo yatakuwaje. Mkopo wa benki ya biashara una riba, una ratiba, na haujali kama mvua imenyesha Dodoma au haijanyesha.

Faida ipo

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Wageni wakiwa wengi, mwenyeji anaweza kulinganisha. Angalia majirani. Kenya ilijenga SGR ya Mombasa hadi Nairobi, iliyofunguliwa 2017, kwa mkopo wa Benki ya Exim ya China. Mwaka 2019 reli ikafika Naivasha, ikaishia hapo, kwa sababu hela ya kuifikisha Malaba haikupatikana. Uganda, iliyokuwa inasubiri reli ije mpakani, ikauvunja mkataba wake na kampuni ya Kichina na Oktoba 2024 ikasaini na Yapı Merkezi kujenga kutoka Malaba hadi Kampala.

Sisi tuliigawa reli vipande vipande. Waturuki wakapata vya mwanzo, Wachina wakapewa Mwanza hadi Isaka. Mwenye kazi akijua kuna mwingine nje ya mlango anasubiri, anazungumza kwa adabu zaidi. Nguvu hiyo ya kuita zabuni na kukataa bei, Mwalimu hakuwa nayo alipokuwa anaitafutia Tazara mfadhili.

Tatizo liko wapi?

Tatizo ni kwamba wageni ni wengi, lakini kila mwenyeji anawapokea kivyake. Mfano mzuri ni mitumba, ambayo kila mwanachuo anaijua. Mwaka 2016 wakuu wa nchi za Afrika Mashariki walikubaliana kuiondoa sokoni hatua kwa hatua ili viwanda vyetu vya nguo vifufuke. Wauzaji wa mitumba wa Marekani wakalalamika kwa serikali yao, na mwaka 2017 Marekani ikaanza kupitia upya haki ya nchi zetu kuuza bidhaa kwake bila ushuru chini ya AGOA. Kenya ikajitoa mapema. Tanzania na Uganda zikalegeza. Rwanda ikabaki imesimama peke yake, na Julai 2018 nguo zake zikaondolewa kwenye msamaha huo. Makubaliano ya jumuiya nzima yakafia hapo.

Hapo aliyetubana alikuwa mkubwa wa zamani. Ila hao wapya nao wameliona somo. Chukua shaba ya Zambia na Kongo. China inaitaka ipite Tazara, na kampuni yake CCECC imepewa reli hiyo kwa miaka 30, kwa uwekezaji wa dola bilioni 1.4. Marekani na Ulaya wanaipigia debe reli ya Lobito kule Angola, na Rais Biden alikwenda huko mwenyewe Desemba 2024. SGR yetu nayo inautaka mzigo wa Kongo. Kila nchi inashusha bei ili mzigo upite kwake. Wenye meli na wenye migodi wanakaa kimya wakisubiri nani atashusha zaidi. Mtaani tunaijua biashara hii. Wauza nyanya watatu wakigombea mteja mmoja, anayekula faida ni mteja.

Kwa hiyo jibu langu la mtihani ni hili: kuibuka kwa mataifa mapya kumetupa nafasi ya kuchagua, lakini nafasi ya kuchagua haijawa nguvu. Itakuwa nguvu siku tutakapojua tunachokitaka kabla mgeni hajakaa, na tukakitaka pamoja na majirani.

Linatuhusu nini sisi?

Bunge liliridhia makubaliano ya bandari na Dubai tarehe 10 Juni 2023. Wananchi walibishana, na kesi ikafika Mahakama Kuu Mbeya, ikatupwa Agosti mwaka huo. Mikataba ya utekelezaji na DP World ilisainiwa Oktoba 22, 2023 hapo Ikulu ya Chamwino, mbele kidogo ya Ihumwa kwa barabara hiyo hiyo. Muda wake ni miaka 30. Aliyekuwa na miaka 22 siku ile atakuwa na 52 itakapoisha. Waliosaini wengi watakuwa wamestaafu. Sisi ndio tutakaokuwa maofisini, tukilipa au tukivuna.

Binamu yangu alibeba zege kwenye mradi mmoja mkubwa, jina nitaliacha. Miaka miwili, kila asubuhi kwenye lori. Mradi ulipoisha alirudi kulima zabibu bila cheti hata kimoja, ingawa anajua kusuka nondo kuliko mafundi wengi. Naona hasara hiyo ni kubwa kuliko riba. Riba ina mwisho wake, ila ujuzi ukiondoka na mgeni, mradi unaofuata unaanza tena sifuri.

Nashauri mambo mawili ambayo yako ndani ya uwezo wetu. Kwanza, tusome mikataba. Tangu 2017 tuna sheria inayolipa Bunge uwezo wa kupitia masharti kandamizi katika mikataba ya rasilimali za nchi. Ni wangapi kati yetu, hata wa sheria, tumeifungua? Serikali yetu ya wanafunzi inaweza kutenga Jumamosi moja kila muhula watu wa sheria, uhandisi na uchumi wakae meza moja na waraka mmoja. Itatusaidia kuliko semina nyingine ya ujasiriamali.

Pili, tujifunze lugha zao kwa shabaha. UDOM kuna Taasisi ya Confucius, na wengi wanasoma Kichina ili wapate kazi ya kutafsiri Kariakoo. Si vibaya, mkono uende kinywani. Lakini nchi inahitaji pia wanaokisoma Kichina, Kituruki na Kiarabu ili wakae upande wetu wa meza, na wajue upande wa pili wanapoteta wanasema nini.

Kama una hoja tofauti, hasa ninyi wa uchumi mnaoamini ushindani wa reli utatuletea nauli nafuu, andikeni toleo lijalo. Nitasoma.