Mgongo wa Kifaranga Hujengwa na Chakula

Kifaranga wa kambale aliyepinda mgongo hanyooki tena. Anaweza kuishi na kula, lakini huogelea kwa shida, wenzake humzidi kwenye chakula, na sokoni wateja humkataa. Hasara hiyo mara nyingi huanza katika wiki za kwanza za uhai wake.

Maji yakiwa na joto zuri, yai la kambale huanguliwa ndani ya siku moja au mbili, na kiini anachobaki nacho kifaranga humtosha kwa takriban siku tatu. Baada ya hapo mifupa, mapezi na vifuniko vya matamvua hujengwa kwa kile anacholishwa.

Hapo vitamini C ndiyo ya kuangaliwa kwanza. Kambale na sato, kama sisi binadamu, hawawezi kujitengenezea vitamini hiyo mwilini. Ikikosekana, kolajeni, protini inayoshikilia mifupa, gegedu na ngozi, haikomai. Uti wa mgongo hupinda, vifuniko vya matamvua hubaki vifupi, vidonda huchelewa kupona, na kwa kambale hata fuvu huweza kupasuka. Watafiti wa Marekani walionyesha jambo hili katika miaka ya 1970, walipouhusisha ugonjwa wa kuvunjika mgongo wa kambale wa kufugwa na upungufu wa vitamini C.

Sato huhitaji kama miligramu 50 za vitamini C kwa kilo ya chakula, ila kinachotiwa kiwandani sicho kinachofika tumboni. Vitamini hii huharibiwa na joto, unyevu na kukaa muda mrefu ghalani, na chakula cha vifaranga, kwa kuwa ni cha unga, huiachia majini upesi. Ndiyo maana viwanda makini hutumia vitamini C iliyofungwa na fosfeti, ambayo hustahimili zaidi. Katika bwawa la udongo lenye maji ya kijani, vifaranga huongezea kwa viumbe wadogo wa majini. Kwenye tangi hawana pa kuongezea.

Kuzidisha nako ni hatari. Nchini Japani, vifaranga wa samaki bapa waliolishwa viumbe wadogo wa majini waliorutubishwa kwa vitamini A nyingi mno walipata pingili za mgongo zilizoungana. Vitamini A huongoza mpangilio wa mwili unapoumbwa, na ziada yake haitoki na mkojo bali hulundikana mwilini. Kwa hiyo kumwaga mafuta ya ini la samaki, yenye vitamini A nyingi, kwenye chakula kwa kukisia, eti vifaranga wakue haraka, ni kosa.

Si kila ulemavu unatokana na lishe: kuzalisha samaki wa ukoo mmoja na joto baya la maji wakati wa kuatamia huleta ulemavu uleule. Basi, mfugaji, kabla hujalipa, mwaga vifaranga wachache kwenye beseni jeupe uwatazame kutoka juu, na umuulize muuzaji wamelishwa nini. Chakula unachonunua soma tarehe ya kutengenezwa, kiweke pakavu mbali na jua, na kilichokaa miezi mingi usiwape vifaranga.