Vitabu vya Kale vya Miti na Wakati Wizi Unapoingia Maktabani

Askari akiambiwa ya kwamba wapo watu ambao saa zao za mapumziko huzitumia kutafuta vitabu vya kale vyenye picha za miti ya msituni, huenda akacheka. Twamwomba asiharakishe kicheko hicho, maana baadhi ya vitabu hivyo vilizaliwa na haja ya jeshi.

Mwaka 1662 wakuu wa Jeshi la Majini la Uingereza, wakihofia uhaba wa mbao za merikebu za vita, waliwapelekea wataalamu wa Royal Society maswali juu ya misitu. Kutokana na maswali hayo John Evelyn aliandika Sylva, kilichochapwa mwaka 1664. Apendaye picha, lakini, hutafuta toleo la mwaka 1776, lililotayarishwa na daktari Alexander Hunter wa mji wa York.

Wafaransa nao walikuwa na dhiki ile ile. Mwaka 1785 serikali ya mfalme wao ilimtuma André Michaux Amerika ya Kaskazini kutafuta miti ya kurudishia misitu iliyomalizwa na ujenzi wa merikebu. Mwanawe, François-André, aliishika kazi ya babake. Aliposafiri tena mwaka 1806, merikebu yake ilitekwa na manowari ya Waingereza, naye akapelekwa Bermuda. Huko, ingawa yu mateka, aliichunguza miti ya visiwa hivyo! Kitabu chake cha miti ya Amerika kilitoka kati ya mwaka 1810 na 1813. Picha zake, ambazo baadhi zilichorwa na Pierre-Joseph Redouté na Pancrace Bessa, zilichongwa kwenye mabamba, zikapigwa chapa kwa rangi, kisha zikamaliziwa kwa brashi mkononi.

Sisi wenyewe tungepewa ruhusa ya kuchagua kimoja tu, tungechukua American Woods cha Romeyn Hough, kilichoanza kutoka mwaka 1888. Ndani yake mna mti wenyewe: vipande vya mbao vyembamba kama karatasi, kila mti ukikatwa kwa njia tatu, hata ukivielekeza kwenye mwanga, mwanga hupenya. Hough aliifanya kazi hiyo hadi alipofariki, na juzuu ya 14 ilitolewa na binti yake mwaka 1928.

Mnunuzi mwenye busara hukagua kitabu kama sajenti akaguavyo bunduki ghalani. Huhesabu picha moja moja na kuzilinganisha na orodha; hupitisha kidole penye mshono, kwa kuwa ukurasa uliokatwa huacha kijisehemu chake pale; huangalia madoa ya unyevu na matundu ya wadudu. Sababu ya uangalifu huo ni kwamba wapo wachuuzi wanaokipasua kitabu kizima ili wauze picha moja moja za kutundika ukutani. Wanaponunua kwa fedha zao sheria haiwashiki, ila sisi twawahesabu kuwa waharibifu.

Wengine ni wezi hasa. Mwaka 2010 mahakama ya London ilimfunga mtu mmoja miaka mitatu na nusu kwa kuiba juzuu za picha za mikamelia, maua ya miti midogo ya Asia, katika Maktaba ya Lindley. Alikuwa ameingia kwa jina la uongo, akizitoa juzuu hizo zikiwa zimefichwa ndani ya koti. Wala haikuwa mara yake ya kwanza kufungwa kwa wizi wa vitabu. Polisi wasomao habari hii watatambua ya kuwa mlinzi wa mlangoni hakuwa na haja ya kujua elimu ya mimea. Ilimpasa kutazama koti.

Karibu nasi, W. J. Eggeling alitoa mwaka 1940 huko Entebbe kitabu cha miti ya asili ya Uganda, ambacho baadaye kilirekebishwa na Ivan Dale. Mtu akiona nakala yake mnadani, na ahesabu kurasa zake kabla ya kutoa fedha.